Dopla ya mkononi ya megahezi 8 kwa mapigo ya usoni: maoni yangu baada ya kuitumia kliniki

Wadau wa afya habari zenu, na wakubwa zangu shikamooni. Naandika kuhusu hii mashine, yaani dopla, kifaa kidogo cha kusikilizia damu ikipita kwenye mshipa, kwa urefu kwa sababu kila nikiitoa mfukoni kuna mtu anauliza umenunua wapi, bei gani, inafanya kazi kweli au ni mapambo tu, na majibu yake siyo ya mstari mmoja. Mimi ni tabibu, nipo kliniki ya presha na kisukari kwenye kituo cha afya huku mkoani Tanga, wagonjwa wangu wengi ni watu wazima na wazee, na dopla nimeinunua kwa hela yangu mwenyewe. Najua wengi mnaijua kwa kazi ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, hiyo imeshaongelewa sana na mi sina cha kuongeza, ila mi nimeitumia zaidi usoni na sijaona mtu anaongelea uso, kwa hiyo leo ni uso tu.

Kwa mwenye haraka: inunue kama ni ya kalamu na ya megahezi 8 (hicho ni kipimo cha kasi ya mtetemo wa mawimbi yake ya sauti), ila vidole vyako vitangulie, mashine ifuate. Ukigeuza huo mpangilio itakudanganya, na nitaeleza kwanini.

Tuanze na ununuzi maana hapa ndo watu wanapigwa. Ukiingia maduka ya vifaa tiba Kariakoo ukasema nataka dopla, mara nyingi utatolewa ile ya kliniki ya wajawazito, yenye probu, yaani kile kichwa cha kusikilizia, nene ya kuweka tumboni. Ile ni ya megahezi 2 au 3, imetengenezwa imsikie mtoto aliye sentimita kadhaa ndani. Mshipa wa usoni uko milimita chache tu chini ya ngozi na ni mwembamba, unataka probu nyembamba yenye umbo la kalamu, megahezi 8. Zipo pia za 5 kwa mishipa iliyozama na za 10 kwa ile ya juu kabisa, lakini 8 ndo inayofanya kazi nyingi. Kanuni ni kwamba megahezi zikipanda mawimbi hayaendi mbali ndani, ila yanasoma vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Duka la kwanza nililoingia, sitalitaja, kijana alinikomalia kabisa "dopla ni dopla tu dokta, we washa utasikia", na bei akaipandisha juu kwa ile ya wajawazito. Nikamwambia haya iwashe, weka hapa kwenye kifundo cha mkono wangu tusikie wote. Ikatoa mkwaruzo tu. Nikashukuru nikatoka. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kwenye ununuzi ni huo: soma namba iliyoandikwa kwenye probu yenyewe, siyo kwenye boksi, halafu ijaribu palepale dukani, kwanza mkononi halafu mbele ya sikio lako. Ikishindwa kusikia mbele ya sikio la mtu mzima mwenye afya, usiichukue hata wakikupunguzia nusu bei. Niliyoichukua mimi, duka la pili, haikufika laki nne pamoja na chupa ya jeli. Siyo hela ndogo kwa mshahara wetu, najua.

Sasa inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa utajua ilipo nguvu yake na ilipo dosari yake. Kwenye ncha ya probu mna vipande viwili, kimoja kinatuma mawimbi muda wote bila kukatiza, kingine kinapokea yanayorudi. Mawimbi yakigonga chembe nyekundu za damu zinazotembea yanarudi na masafa, yaani kasi ya mtetemo, yaliyobadilika kidogo, na hayo mabadiliko ndo unayoyasikia kwenye spika. Ndani ya mwili sauti inasafiri kama mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo ukipiga hesabu ya damu inayoenda sentimita 30 kwa sekunde, probu ya megahezi 8, imelala nyuzi 60 kwenye mshipa, unapata hezi 1,500 na kitu, sauti ambayo sikio la binadamu linaisikia vizuri tu, ndo maana hii mashine haihitaji skrini wala kompyuta. Ila ona hapa: ukiisimamisha probu wima kabisa, nyuzi 90, hesabu hiyohiyo inatoa sifuri. Mshipa unapiga, mgonjwa mzima, mashine kimya. Nimewaona wenzangu wanaisimamisha wima kwa sababu ndo mkono unavyoenda wenyewe, halafu wanasema betri imeisha. Ilaze, nyuzi 45 hadi 60, jeli ya kutosha, na usikandamize. Usoni mishipa mingi inapita juu ya mfupa, ukikandamiza kidogo tu umeibana mwenyewe na sauti inakufa, na unaweza kuandika kwenye faili kwamba mapigo hayapo kumbe umeyazima wewe.

Ndo maana nasema vidole kwanza. Kidole kinakwambia mshipa uko wapi, ni laini au mgumu, unauma au hauumi. Mashine haijui maumivu, haijui ugumu, inajua kitu kimoja tu, kwamba kuna damu inatembea.

Pa kuanzia ni mbele ya sikio. Tafuta kile kinyama kigumu kinachofunika tundu la sikio, weka ncha za vidole viwili mbele yake, juu kidogo pale ambapo mfupa wa shavu unarudi nyuma kuelekea sikioni. Hapo mshipa wa panja, yaani ule wa pembeni ya paji la uso, unavuka juu ya mfupa na unapiga vizuri tu. Ndugu zetu wanaotoa nusu kaputi wanaujua sana huu, kwa sababu wakati wa upasuaji wao wanakaa upande wa kichwani, mikono ya mgonjwa imefunikwa na mashuka, lakini sikio liko palepale mbele yao. Sentimita chache juu ya hapo unagawanyika, tawi moja linakuja kwenye paji, lingine linaenda utosini. Kwa wazee wembamba tawi la mbele utaliona kwa macho limejipindapinda chini ya ngozi, na watoto wao huwa wanaogopa wanauliza dokta huu mshipa vipi, lakini kujipinda peke yake ni uzee tu, siyo ugonjwa.

Pa pili ni kwenye taya. Mwambie mgonjwa aume meno, msuli wa kutafunia utatuna pembeni ya taya. Telezesha kidole kwenye ukingo wa chini wa taya mpaka ufike mbele tu ya huo msuli, utakuta kijibonde kidogo kwenye mfupa. Mwambie alegeze. Subiri. Mshipa wa uso unapanda kutoka shingoni unavuka ukingo wa taya hapo hapo. Hapa ndo pananipendeza kuliko pote kwa sababu mtu akishaonyeshwa mara moja hapotezi tena, nimewaonyesha wanafunzi wa utabibu wanaokuja kwetu kwa mafunzo na wote wanatoka wanajishikashika taya. Kutoka hapo mshipa unapanda ukijipinda kuelekea pembeni ya mdomo, unapita kando ya pua mpaka kona ya ndani ya jicho. Huko juu kidole cha kawaida hakisikii kitu au kinasikia kidogo sana, na hapo sasa ndo hela ya dopla inapolipa, kwa sababu yenyewe inasikia. Weka kando ya pua karibu na kona ya jicho, halafu kwenye ukingo wa juu wa tundu la jicho, chini ya nyusi, upande wa ndani. Utasikia visauti vidogo vinavyofuatana na moyo, fyu, fyu, fyu. Mara ya kwanza kusikia sauti ya damu ikitoka ndani ya kichwa cha mtu kuja kwenye paji lake nilikaa kimya nikasikiliza tu.

Tahadhari moja ambayo wauzaji hawaisemi: usiweke probu juu ya jicho lenyewe, hata likiwa limefumbwa. Jicho lina kiwango chake cha nguvu ya mawimbi kinachoruhusiwa, na ni kidogo kuliko cha sehemu nyingine za mwili. Kaa kwenye mfupa wa ukingo. Na jeli isiingie machoni.

Jambo lingine siyo la mashine ila bila hilo mashine haitakusaidia. Uso wa mtu mzima huugusi kama unavyogusa mkono. Kwetu huku bibi amekuja na mtandio wake, mwingine na ninja kabisa, huwezi kuanza kumwekea vidole mashavuni. Mi huwa nakaa, siyo nimesimama, nasema "shikamoo bibi, naomba ruhusa nikushike usoni kidogo, nataka kusikia damu inavyopita, haitauma", na kama ni mama aliyejifunika namwita nesi wa kike na pazia linavutwa. Mikono nimeshanawa na nimeshaipasha, kwa sababu kidole cha baridi kwenye panja la mzee kinamfanya akunje uso na misuli ikikaza husikii kitu. Halafu namwekea spika asikie mwenyewe. Hii kitu wazee wanaipenda mno, kuna bibi aliomba nirudie upande wa pili ili mjukuu wake naye asikie. Mgonjwa akishasikia damu yake mwenyewe, mazungumzo ya dawa za presha yanakuwa mepesi, yaani hilo peke yake limenifanya niione thamani yake.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hasa ndo kilinifanya niinunue. Mwaka 1970 daktari mmoja wa ubongo na mishipa ya fahamu, C. Miller Fisher, aliyekuwa hospitali ya Massachusetts General kule Boston, aliandika kuhusu mapigo ya usoni kwa watu ambao karotidi ya ndani, mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, imeziba. Akayapa herufi A, B na C, la kona ya jicho, la kwenye nyusi na la shavuni. Ni huyuhuyu ambaye miaka ya 1950 ndo aliwafanya watu waanze kuutazama mshipa wa shingo kama chanzo cha kiharusi. Wazo lake kuhusu uso ni hili. Shingoni mshipa mkubwa unagawanyika, karotidi ya ndani inaenda kwenye ubongo na jicho, karotidi ya nje inalisha uso na ngozi ya kichwa. Kawaida damu ya kwenye nyusi upande wa ndani inatoka ndani ya tundu la jicho kuja nje, yaani ni ya karotidi ya ndani. Karotidi ya ndani ikiziba, ile ya nje inaazima njia: damu inapanda kwa mshipa wa panja na mshipa wa uso, inageuza mwelekeo, inaingia kwenye tundu la jicho kinyumenyume ili ikalishe kule ambako kumekauka. Kwa hiyo mapigo ya usoni upande ulioziba yanakuwa na nguvu KULIKO upande mzima. Soma tena hapo. Upande unaopiga kwa nguvu ndo unaoutilia shaka, na hili linapingana na vile tulivyofundishwa mguuni ambako mapigo dhaifu ndo tatizo. Mtu anayepima upande mmoja tu akasikia mapigo mazuri akafurahi hajapima kitu. Lazima ulinganishe kulia na kushoto, kila sehemu, kila mara.

Na kuna jaribio dogo la kuongezea ambalo dopla inalifanya vizuri kuliko kidole. Weka probu kwenye nyusi upande wa ndani, ipate sauti nzuri, tulia. Kwa mkono wa pili bana mshipa wa panja mbele ya sikio la upande huohuo. Sauti ikibaki ilivyo au ikaongezeka, damu inatoka ndani kama inavyotakiwa. Sauti ikififia au ikakatika, maana yake damu ya kwenye nyusi ilikuwa inaletwa na huo uliobana, yaani inatoka nje kuingia ndani. Rudia kwa kubana mshipa wa uso kwenye taya. Jaribio hili zamani kabla ya altrasaundi za rangi kusambaa lilikuwa linafanywa sana, siku hizi kwenye hospitali kubwa limeachwa kwa sababu wanaiona karotidi yenyewe kwenye skrini, na ni sawa kabisa, lakini mi siko hospitali kubwa.

Nina mzee mmoja, alikuja kliniki ya presha kama kawaida, katika kuongea akasema kuna siku jicho la kushoto lilikuwa kama limeshushiwa pazia dakika chache kisha likarudi, na siku nyingine mkono wa kulia ukalegea akaangusha kikombe, ukarudi. Hakuona kama ni ugonjwa kwa sababu vyote vilipita. Nyusi ya kushoto ilikuwa inapiga mpaka kidole kinasikia, ya kulia hakuna kitu kwa kidole, kwa dopla ipo ndogo. Nikabana mbele ya sikio la kushoto, sauti ikakatika papo hapo, nikaachia ikarudi, nikarudia mbele ya nesi ili tusikie wawili. Rufaa niliiandika mchana uleule na maelezo hayo yote, na altrasaundi ya shingo kule ilikuta karotidi ya ndani ya kushoto imeziba. Ieleweke vizuri hapa, rufaa ingeandikwa hata kama uso ungekuwa kimya, jicho kuzimika na mkono kulegea vinatosha vyenyewe. Kilichobadilika ni kwamba barua yangu ilikuwa na kitu cha kushika na aliyeipokea alimwahisha.

Sasa mipaka yake, maana sitaki mtu aende kuwaambia wagonjwa wako salama. Jaribio likiwa la kawaida halimaanishi shingo ni nzima. Mzibo mdogo au wa wastani hautaonekana kabisa kwa njia hii, na hata ukiziba wote, ndani ya fuvu kuna mduara wa mishipa unaounganisha kulia, kushoto na nyuma, ukiwa mzuri ubongo unapata damu kwa ndani na uso haukuonyeshi chochote. Halafu hizi dopla za bei yetu hazionyeshi mwelekeo wa damu, zinatoa sauti tu, damu ikienda au ikirudi zinasikika sawa, kwa hiyo hilo jaribio la kubana ndo tegemeo lako pekee. Za kuonyesha mwelekeo zipo ila bei yake ni habari nyingine. Na wakati unabanabana usije ukahamia shingoni ukaanza kukanda karotidi ya mzee, hapo unaweza kumshusha mapigo ya moyo akazimia au ukabandua uchafu uliogandia ukutani ukaenda kwenye ubongo. Panja na taya zinatosha.

Kuna sehemu ambayo mashine hii ni dhaifu kabisa na nataka niiseme kwa sauti, nayo ni uvimbe wa mshipa wa panja wenyewe, ule ugonjwa wa ateri wa watu waliozidi miaka 50. Huku kwetu ni nadra, unawapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, lakini nadra siyo kwamba haupo. Mtu mzima anakuja na kichwa kipya kinachouma pembeni, akichana nywele au akivua kilemba ngozi inauma, akitafuna nyama taya linachoka mpaka apumzike, wakati mwingine anaona viwili au jicho linafifia. Hapa kidole ndo mfalme. Unagusa mshipa wa panja unaukuta mgumu, umevimba, una vinundu, unauma, na mapigo yamepungua au hayapo. Dopla inaweza kukupa sauti nzuri tu kwenye mshipa mgonjwa, kwa sababu ugonjwa huu unaruka, kipande kizima kipande kibovu, na damu bado inapita. Usimrudishe mtu nyumbani na panadoli kwa sababu mashine imelia. ESR, kipimo cha damu cha kuonyesha kama kuna uvimbe mwilini, ni cha bei ndogo na maabara nyingi wanacho, ila isikucheleweshe, jicho likishapofuka kwa ugonjwa huu mara nyingi halirudi, ndo maana madaktari bingwa wanaanza prednisoloni ya dozi kubwa, miligramu 40 hadi 60 kwa siku, siku hiyohiyo ya kushuku kabla hata majibu ya kipande cha mshipa kilichokatwa kupelekwa maabara hayajatoka. Piga simu, omba ushauri, msafirishe. Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alishaandika kuhusu mishipa ya panja ikihusishwa na maumivu ya kichwa na macho kupotea, na alikuwa hana mashine yoyote zaidi ya vidole na macho yake.

Ila hata kwenye ugonjwa huo dopla ina kazi moja nzuri, hospitali ya rufaa. Kabla ya kukata kipande cha mshipa wa panja kwa ajili ya maabara unaufuata kwa sauti na kuuchora kwa kalamu juu ya ngozi, ili daktari wa upasuaji asipasue kutafuta. Na kabla ya kukata unafanya lile jaribio la nyusi, kwa sababu kama huo mshipa ndo unaolisha jicho na ubongo baada ya karotidi kuziba, kuukata ni hatari.

Kwenye dharura za kila siku sijaitumia sana mashine, ila kuijua ramani kumenisaidia sana. Ajali za bodaboda mnazijua. Shavu limechanika, damu inaruka, ndugu wanalia, wewe kidole gumba kiko tayari kwenye kile kijibonde cha taya, unabana kwenye mfupa na damu inapungua mpaka upate muda wa kufunga. Mdomo ukichanika usishangae kubana upande mmoja hakutoshi, mishipa ya midomo ya kulia na kushoto inakutana katikati, inatoka damu ncha zote mbili, unabana mdomo wenyewe pande zote za jeraha kwa vidole. Na wale wanaochomwa sindano za kujaza mashavu na mikunjo kwa ajili ya urembo, huu mshipa wa uso niliouelezea ndo uleule unaopita kando ya pua, dawa ikiingia ndani yake inaweza kusafiri mpaka kwenye jicho na mtu akapofuka, sasa jiulize aliyekuchoma aliujua ulipo.

Turudi kwenye kifaa. Betri ni zile za kawaida za dukani na zinakaa vizuri, hilo limenifurahisha maana umeme wetu mnaujua. Spika ni ya wastani, opidii ikijaa watoto wanalia husikii nyusi kabisa, tafuta hedifoni, tundu lipo na hiyo ndo njia nzuri kwa sauti ndogo. Ile namba ya mapigo kwa dakika inayoonekana kwenye kioo kidogo usiiamini usoni, sauti ikiwa hafifu inarukaruka, hesabu mwenyewe kwa saa. Waya wa probu ndo sehemu dhaifu, unaingia kwenye mashine kwa pembe kali na ukiuzungushia kila siku utakatika ndani, mi nauacha legelege na nimeufunga utepe pale kwenye shingo yake. Ncha ya probu usiifute kwa kitambaa kikavu kigumu, jeli ikikaukia pale sauti inapungua, ifute ikiwa bado mbichi kwa kitambaa laini chenye maji halafu dawa ambayo kijitabu kimeiruhusu, siyo kila spiriti inafaa. Jeli ikiisha ya altrasaundi inanunuliwa popote, usitumie mafuta ya kupaka kama nilivyoona mahali fulani.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya waya na kwa ajili ya kijitabu cha maelekezo ambacho hakina hata picha moja ya uso, ni mguu na mkono tu, kwa hiyo mtu akinunua bila kujua pa kuweka atabaki nayo kwenye droo. Kama kituo chenu hakina mashine ya presha ya uhakika yenye kafu za saizi tofauti, anzeni na hiyo kwanza kabla ya dopla, maana wengi wanaofika kwetu na kiharusi presha ndo iliyowafikisha. Wakati unalipia uliza kama wana probu ya akiba ya aina hiyohiyo na inauzwa peke yake shilingi ngapi, duka nililochukua mimi wanayo, lile la kwanza walisema ikiharibika unanunua seti nzima.